Somo la 23: Maneno ya -A Yanayofanya Kazi ya Sifa

Mama akimtuma mtoto sokoni Kadutu, akamwambia tu, "Lete mafuta," mtoto hajui bado alete nini. Kuna mafuta ya mawese, kuna mafuta ya taa, kuna mafuta ya kujipaka. Jina ni moja, "mafuta". Maneno yanayolifuata ndiyo yaonyeshayo ni mafuta gani. Mtoto asipoyasikia vema, chakula chaharibika.

Maneno "ya mawese" yanafanya kazi ya sifa, kama vile "mazuri" au "mekundu". Sifa za namna hii ni nyingi sana katika Kiswahili. Huonyesha:

mwenye kitu: mtumbwi wa mvuvi;
kitu kimefanywa kwa nini: chungu cha udongo;
kazi yake: maji ya kunywa;
mahali pake: samaki wa Kivu.

Lakini fikirini vema. Sambaza twawaita samaki wa Kivu kwa kuwa wanakaa humo. Asili yao ni ziwa la Tanganyika. Waliletwa Kivu mwaka wa 1959.

Sasa angalieni -a yenyewe. Hubadilika kwa kufuata jina linalosifiwa: mto wa, mito ya, kisiwa cha, ziwa la, nyumba za. Mjini Bukavu wengi husema "ya" kwa kila jina: "mtumbwi ya mvuvi", "kisiwa ya Idjwi". Wanasikilizana, kwani wako pamoja na waweza kuulizana. Barua haiwezi kuulizwa.

Mwandikieni ndugu aliye mbali: "Ninunulie mfuniko wa chungu cha udongo." Hapa "cha" yafuata chungu. Chungu ndicho cha udongo. Mfuniko waweza kuwa wa mti au wa bati. Andikeni tena: "Ninunulie mfuniko wa chungu wa udongo." Hapa "wa" ya pili yafuata mfuniko. Sasa mfuniko ndio wa udongo. Neno dogo limebadilika, na kitu kimebadilika. Mkiandika "ya" mara mbili, ndugu atajuaje anunue nini?

Basi, kabla ya kuandika -a, jiulizeni: Maneno haya yasifu jina gani?

Mazoezi
1. Tieni -a inayofaa: daraja ... Ruzizi; vikapu ... samaki, jembe... mkulima, mlango... nyumba ... matofali.
2. Elezeni tofauti: dawa ya maji, maji ya dawa.