Funza Vidole Kwanza, Windows Itangoja

Tangu 14 Oktoba 2025, siku Microsoft walikata msaada wa Windows 10, stori ya lapi mtaani imekuwa moja. Shukia Adams Arcade na mathree ya 111, simama hapo Ngong Road kidogo, utaskia msee anauliza beshte yake kama ashahamia 11. Wenye wako na ex-UK za juzi wanaweka na maisha inaendelea. Wenye mashine zao ni za Intel ya kabla ya kizazi cha nane wanaambiwa zimezeeka, so wengine wanarukia Linux. Kwa mbogi yenye inaona, hiyo ni wera ya mchana mmoja: chomeka flashi, finya-finya Enter, enda ukule chapo madondo, ukirudi imeisha.

Sasa chukua msee haoni, ama anaona kidogo sana, na anataka kujiwekea Windows yake na mikono yake. Hapo ndio wengi wanajichoma, juu wanaanza na flashi. Mi nasema flashi ni ya mwisho. Ya kwanza ni vidole.

Kwa wenye hawajawai kutana nayo, kisoma-skrini ni programu inakuambia kwa sauti mahali uko na venye kumeandikwa. Mausi haina kazi hapo. Kila kitu inapita kwa kibodi: kusonga mbele, kurudi nyuma, kurudia, kunyamazisha. Windows iko na yake tangu Windows 2000, inaitwa Narrator, na tangu 2017 inaweza kuongea hata ile saa unaweka Windows yenyewe, kabla mashine ijue jina yako. Finya Ctrl, Windows na Enter pamoja, alafu utulie. Ikiongea, umeingia. Lakini kuiwasha ni kitu moja na kuiendesha ni kitu ingine kabisa, na huko ndani hakuna wa kuuliza. Ukipotea kwa Windows ya kawaida, utafungua brauza ama utazima uanze upya. Ukipotea katikati ya kuweka, brauza haiko, na diski pengine ishafutwa nusu.

Kuna ukurasa mmoja hapo katikati wa kuogopa. Unakuorodheshea diski na vipande vyake, Disk 0 Partition 1, Disk 0 Partition 2, zinashuka hivyo, na wewe ndio unachagua gani ifutwe. Kama ulisahau kuchomoa diski ya nje, nayo iko kwa hiyo orodha, na picha zote za mathe na za ocha ziko ndani. Sauti inazipitia mbio, kwa Kizungu, nambari juu ya nambari. Msee hajui kuirudisha nyuma atabahatisha. Msee anajua atafinya Caps Lock na Tab, imwambie tena amesimama wapi, ama Caps Lock na X, irudie yenye imetoka kusema, na hataguza Enter mpaka ashike. Hao wote wawili hawaoni. Mmoja ako na hizo amri mbili kwa vidole, na atalala na faili zake zote.

Poa ni kwamba hii kitu unaweza kuizoea bila kuhatarisha chochote. Narrator na visoma-skrini vingine viwili, NVDA na JAWS, zote ziko na hali ya mazoezi, na zote zinaifungua na amri ile ile: shika Insert, ama Caps Lock kwa Narrator, finya 1. Kuanzia hapo kibodi haifanyi kazi yake ya kawaida. Finya kifungo chochote, utaambiwa jina yake. Finya amri, utaambiwa hiyo amri hufanya nini, na haitafanyika. Finya Insert na 1 tena, umetoka. Unaweza kaa hapo jioni nzima ukitembea kutoka Esc mpaka mishale, hakuna faili itapotea na hakuna mtu atakukemea. Kwa Linux, Orca inataka Insert na H. Kwa Mac, VoiceOver inataka Control, Option na K. Sijui kwa nini watu hawafunzwi hii siku ya kwanza, kabla hata ya kufundishwa kuandika jina.

Dogo akinishika mkono aniambie nimfunze, ningempeleka hivi. Kwanza vidole vya shahada vikae kwa F na J, zile ziko na kinundu, juu bila hapo nyumbani kila kifungo kingine ni kutafuta gizani. Alafu Ctrl, ya kunyamazisha. Naweka Ctrl mbele ya amri zote juu hofu ya wanaoanza huanzia hapo: sauti imeshika mbio, haisimami, na msee anaanza kufinya chochote ndio inyamaze, na hicho chochote ndio kinamharibia. Akijua anaweza kuinyamazisha saa yoyote, mabega yanashuka. Kisha Tab ya kwenda na Shift na Tab ya kurudi, Space ya kutia tiki, mishale ya kupanda na kushuka orodha. Mwisho Insert na T, itaje dirisha gani iko mbele, na Insert na Tab, itaje kitu gani umeshikilia. Hizo tu. H ya kuruka vichwa vya habari, K ya viungo na zingine za intaneti zitakuja, hazina haraka, juu kuweka Windows hakuna viungo vya kuruka.

Na hapo kuna utamu wengi hawajaujua: hizo za kuanza nazo, kutoka Ctrl mpaka Insert na Tab, ni zile zile kwa Narrator, kwa NVDA na kwa JAWS. Ukizishika kwa moja, umezishika kwa tatu. So si lazima ungoje upate lapi yako. Unaweza kujifunza kwa NVDA leo kwa mashine ya mtu, na siku ya kuweka Windows, ukutane na Narrator kama mtu mnajuana.

NVDA ni ya bure, na hiyo si bahati. Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, aliianza 2006, baadaye akaungana na James Teh, naye pia haoni, juu waliona si haki msee asiyeona alipie pesa ndefu ndio atumie kompyuta yenye mwingine anatumia bila kuongeza kitu. JAWS, yenye ilitoka 1989 kwa mkono wa Ted Henter, aliyepoteza macho kwa ajali ya gari, ni kali na maofisi mengi yanaiamini, lakini leseni yake inauma. Bila leseni inakupea dakika 40, alafu lazima uzime mashine uiwashe ndio ikupee zingine. Kwa kufunza vidole, NVDA inatosha na inabaki. Tena inaweza kukaa kwa flashi. Unaenda saiba, unachomeka, unaifungua kutoka huko huko kwa flashi bila kuweka kitu kwa mashine ya wenyewe, unafanya mazoezi yako, unachomoa, unaenda. Ukiifungua mara ya kwanza itakuuliza kama unataka Caps Lock iwe kifungo chake. Tia tiki. Lapi nyingi zimeficha Insert huko juu karibu na Delete, na zingine zinataka uishike na Fn, na huo ni msongamano wa vidole hauhitaji. Ukitaka herufi kubwa, finya Caps Lock mara mbili haraka.

Hedifoni ziwe za waya. Najua zile za Bluetooth ndio ziko kwa kila shingo hapa mtaani, lakini saa ya kuweka Windows hazijaunganishwa na kitu, hazitatoa hata mlio. Na kuna mashine zingine Narrator inawaka lakini sauti haitoki, juu draiva ya spika haijaingia bado. Hiyo si kosa yako, na hedifoni ama spika ya USB mara nyingine inaokoa.

Hapa Adams hii stori si ya mbali. Vuka uingie Joseph Kang'ethe Road, uko Moi Girls, shule yenye madem wasioona wanasoma darasa moja na wanaoona. Thika School for the Blind iko tangu 1946, na 2009 shirika la inABLE, la Irene Mbari-Kirika, lilianzia huko kuwawekea wanafunzi maabara za kompyuta zenye zinaongea. Na hii Ngong Road ndio kituo cha teknolojia cha iHub kilifunguliwa 2010, jengo la Bishop Magua, na tukaanza kujiita mji wa teknolojia. So kuna vijana wamemaliza shule wakiwa na Insert na mishale kwa damu. Chenye kinaniuma ni kwamba wengi wao bado wakitaka kubadilisha Windows wanabeba lapi kwa mgongo mpaka kwa fundi, wanaiacha, wanarudi jioni. Nenosiri amelichagua fundi. Jina la mashine amelichagua fundi. Narrator imezimwa, juu ilimpigia kelele.

Buda fundi, nakuomba kitu moja. Msee akija na fimbo nyeupe na lapi, usimpokonye kibodi. Finya Ctrl, Windows na Enter, mgeuzie mashine, umwambie, "Boss, endesha, niko hapa." Ukimuona anasita kwa ile orodha ya diski, msomee yenye iko kwa skrini na umwache achague. Utamlipisha ile ile. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ako na haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vizuizi vyake, na 2022 Kenya ilitoa kiwango cha taifa, KS 2952, cha teknolojia yenye kila mtu anaweza kutumia. Hizo karatasi zinafika kwa meza yako siku unaacha huyo msee afinye Enter yake.

Kuna mahali kweli utahitaji macho ya mtu, na nisikudanganye. Kabla ya Windows kuanza, mashine lazima iambiwe iwake na flashi, na hiyo menyu kwa lapi nyingi ni bubu kabisa. Hakuna kisoma-skrini kinafika huko. Jua kifungo chako kabla: ThinkPad na Dell kawaida ni F12, HP ni F9, na unakifinya-finya toka mashine iwake. Hapo ita beshte, ama tumia simu. Be My Eyes, yenye Mdenmark Hans Jørgen Wiberg aliileta 2015, inakuunganisha na mtu wa kujitolea kwa video, anakusomea skrini, unashuka mishale mpaka aseme USB. Hiyo ni dakika chache. Ukishavuka na sauti ikitoka, macho ya mtu hayahitajiki tena.

Wenye mmerukia Linux juu mashine imekataliwa, nyinyi mko na bahati yenu. Debian inalia mlio mfupi ikishawaka na flashi. Ukiuskia, finya s, alafu Enter, na kuanzia hapo inaongea mpaka mwisho, maswali yakija moja moja. Ubuntu unaifungua kwanza bila kuiweka, unafinya Alt, Windows na S, Orca inaamka, na unaweza kuzunguka humo ndani ukifanya mazoezi kabla uamue kufuta kitu. Kwa anayeanza naona hiyo ya kujaribu kwanza ni heshima kubwa, na natamani Windows nayo ingekuwa nayo.

Tukirudi kwa Windows, mashine ikijizima na kuwaka katikati ya kazi, Narrator itanyamaza. Usishtuke. Ngoja, alafu finya Ctrl, Windows na Enter tena. Ukimaliza jina, nenosiri na waifai, usifungue YouTube bado. Narrator ikiwa bado inaongea, ingia Edge, pakua NVDA, iweke, na pale inauliza kama ianze hata kwa ukurasa wa kuingia, kubali. Zima mashine yote. Iwashe, ngoja mpaka uskie NVDA inakuambia uandike nenosiri, nenosiri lenye umelichagua wewe, na uandike. Ikinyamaza siku ingine yoyote, Ctrl, Alt na N inairudisha.