Haji Aliyezikwa Jangwani Arizona

Msafiri atokaye Phoenix kwenda Los Angeles kwa barabara kuu hupita Quartzsite, mji mdogo wa jimbo la Arizona uliokuwa zamani kituo cha magari ya farasi na wachimba dhahabu. Makaburini mwake pana piramidi ya mawe, na juu yake ngamia wa shaba. Aliyelala hapo ameandikwa "Hi Jolly".

Hilo ni Haji Ali, jina lililowashinda Wamarekani kutamka.

Mwaka 1855 Bunge la Marekani lilitoa dola 30,000 kununua ngamia wa kubeba mizigo ya jeshi katika nchi kavu za magharibi. Ngamia wa kwanza walishushwa Texas mwaka 1856, na Ali, mzaliwa wa Shamu, alikuja kuwachunga. Mwaka uliofuata walikata jangwa na msafara wa Edward Beale mpaka California. Beale aliwasifu sana. Askari hawakuwapenda, na nyumbu walitimka kwa harufu yao tu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, shauri likafa. Baadhi ya ngamia walinadiwa, wengine wakapotelea nyikani.

Ali hakurudi kwao. Alichukua mizigo, akatafuta dhahabu, na alipooa Tucson mwaka 1880 alitumia jina la Philip Tedro. Alifariki mwaka 1902. Piramidi ilijengwa na idara ya barabara mwaka 1935. Kwetu kujengea kaburi namna ile kuna maneno. Lakini juu yake hakuwekwa Philip. Amewekwa Haji, ingawa amepindwa.