Ununuzi wa Kibanja Ukivunjika Kabla ya Kumalizika



Wengi wetu katika mashamba ya chai na ya miwa, na katika viwanda vya Uganda, tunakaa katika nyumba za kampuni. Nyumba hizo zinakwenda pamoja na kazi: kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha. Ndiyo sababu mfanyakazi huweka akiba apate mahali pake pa kujenga. Tangu mwaka 2022 sheria ya NSSF inamruhusu mwanachama aliyetimiza miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Wako wenzetu wanaochanganya fedha hizo na mkopo wa chama cha akiba ili wanunue kibanja.

Lakini si kila ununuzi hufika mwisho. Tuseme bei ni shilingi 9,000,000. Mnunuzi ametoa 4,000,000, na katika hizo 2,500,000 ni mkopo. Ghafla muuzaji anasema mambo yamevunjika. Hapo fedha ziko mkononi mwa mtu mwingine, na mkopo unaendelea kukatwa katika mshahara. Katika toleo hili tunaeleza yanayovunja ununuzi wa namna hii, na hatua za kuchukua.

KWA NINI UNUNUZI HUVUNJIKA

Tufahamu kwanza kitu kinachouzwa. Katika Buganda ardhi nyingi ni ya mailo, utaratibu uliotokana na Mapatano ya mwaka 1900. Mwenye mailo ndiye mwenye hati. Mwenye kibanja anakaa juu ya ardhi hiyo kwa haki inayolindwa na sheria, naye hulipa busuulu kila mwaka. Kwa hiyo auzapo kibanja anauza haki yake ya kukaa, hauzi hati ya ardhi.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inamtaka mwenye kibanja anayetaka kuuza ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua. Tangu marekebisho ya mwaka 2010, muuzaji anayemruka mwenye ardhi anatenda kosa la jinai, na uuzaji wake hauna nguvu. Hii ni sababu ya kwanza ya kuvunjika: mwenye ardhi anasikia habari na kukataa.

Sababu ya pili ni mke au mume wa muuzaji. Ardhi ambayo jamaa wanakaa na kupata chakula chao haiwezi kuuzwa bila idhini ya mwenzi wa ndoa. Bila idhini hiyo ununuzi ni batili, hata kama mwenyekiti wa LC1 amegonga mhuri. Muhuri wa LC1 ni ushahidi kwamba watu walipatana. Hauponyi kasoro ya sheria.

Sababu ya tatu ni tamaa: muuzaji anapata mtu mwenye bei kubwa zaidi. Ya nne ni upande wetu wenyewe, mkopo unapochelewa na tarehe ya malipo ikapita.

Wenzetu waliotoka nchi jirani wakumbuke jambo moja zaidi. Asiye raia wa Uganda hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa kukodi, na muda wa kukodi usizidi miaka 99. Ajihadhari na muuzaji anayemwahidi zaidi ya hapo.

FEDHA ZAKO ZINAKWENDA WAPI?

Ununuzi ukibatilika kwa kukosa idhini ya mwenzi wa ndoa, nawe ulinunua kwa nia njema bila kujua, sheria inakupa haki ya kudai ulichotoa kutoka kwa muuzaji. Vivyo hivyo Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inasema aliyepokea faida katika mkataba uliobatilika lazima airudishe au aifidie. Muuzaji asikudanganye kwamba fedha zimekwisha kuliwa na basi. Kuliwa kwa fedha hakufuti deni.

Ikiwa wewe ndiwe uliyeshindwa kumaliza malipo, tazama mkataba. Kama umeandika kwamba malipo ya kwanza yatapotea, unaweza kuyapoteza. Kwa hiyo usitie sahihi wala dole gumba kabla hujasomewa kila mstari.

HATUA ZA KUCHUKUA

1. Simamisha malipo. Usiongeze hata shilingi moja kwa maneno ya "malizia tu, mengine tutayatengeneza". Usichimbe msingi, usipande mazao, wala usiingie kwa nguvu. Ugomvi wa mapanga humfanya mwenye haki kuwa mshtakiwa.

2. Kusanya karatasi zote: mkataba, stakabadhi, taarifa ya fedha zilizotumwa kwa simu, na majina ya mashahidi. Mkataba wa zaidi ya shilingi 500,000 unatakiwa uwe wa maandishi.

3. Mwite muuzaji mbele ya mashahidi, mzungumze kwa heshima. Akikubali kurudisha, aandike: nimepokea kiasi hiki, nitalipa kiasi hiki, tarehe hii. Karatasi hiyo ina thamani kubwa, kwa maana inageuza ugomvi wa kibanja kuwa deni lililoandikwa.

4. Akikataa au akipitisha tarehe, mpe barua ya madai na umwachie siku 14. Baki na nakala. Deni lisilozidi shilingi 10,000,000 linaweza kupelekwa katika utaratibu wa madai madogo mahakamani, ambako kila mtu hujisemea bila wakili. Madai makubwa zaidi huenda kwa hakimu wa daraja la kwanza hadi shilingi 20,000,000, na kwa hakimu mkuu hadi 50,000,000. Usilale: dai la mkataba hufa baada ya miaka 6.

5. Kama muuzaji aliuza kibanja kimoja kwa watu wawili, au hakikuwa chake, huo ni udanganyifu; ripoti polisi. Lakini kazi ya polisi si kukusanya madeni ya kawaida.

6. Nenda mapema kwenye chama cha akiba ulikokopa. Usingoje wakufuate. Waliokudhamini ni wenzako wa zamu moja. Ukinyamaza, akiba zao ndizo zitakazokatwa. Omba muda mrefu zaidi wa kulipa, na fedha zikirudi zianze kupunguza mkopo.

7. Waambie wa nyumbani ukweli, ili matumizi yapunguzwe kwa mapatano. Na usirudishe nyumba ya kampuni wala kuandika barua ya kuacha kazi mpaka ununuzi umemalizika kabisa.

KABLA YA KUNUNUA TENA

Mwone mwenye ardhi mwenyewe, upate idhini yake kwa maandishi. Taka kuona stakabadhi za busuulu. Mume na mke wote watie sahihi. Tembea mipaka pamoja na majirani. Lipa kwa mafungu: fungu dogo mwanzoni, fungu kubwa baada ya idhini zote kupatikana. Na mkataba useme wazi kwamba idhini ikikosekana fedha zote zitarudishwa, na kwa tarehe gani.

Tusimcheke mwenzetu aliyepatwa na jambo hili, maana aibu ndiyo inayowanyamazisha watu hadi miaka 6 inapita. Leteni mikataba yenu kwa wawakilishi wa chama matawini kabla ya kutoa fedha, isomwe kwa lugha mnayoielewa. Fedha hizi ni jasho la miaka mingi ya kuchuma chai na kukata miwa. Haraka haraka haina baraka.