Bunduki iliyopoteza shabaha: maneno ya kuitambulisha kasoro

Neno shabaha lina maana tatu zinazokaribiana. Ya kwanza ni kitu kinacholengwa: "Waliweka kopo juu ya kisiki liwe shabaha." Ya pili ni ustadi wa mtu wa kulenga na kupata: "Mzee yule ana shabaha." Ya tatu ni sifa ya silaha yenyewe: bunduki ina shabaha ikiwa risasi zake hupiga mahali pamoja kila inapolengwa mahali pamoja. Maana hii ya tatu ndiyo inayokusudiwa mtu anaposema kuwa bunduki yake "imepoteza shabaha". Kauli hiyo ni Kiswahili fasaha, lakini haimsaidii fundi, kwa kuwa imebeba kasoro mbili tofauti zenye tiba tofauti.

Tofauti hiyo ina uzito wake katika mikoa ya kusini mashariki mwa Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 560 nchini, wengi wao katika ukanda huo wa kusini. Mashambulizi yaliongezeka majira ya mavuno, wakati wakulima wanapolala dunguni kulinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Askari wa wanyamapori anayeitwa kumfuata simba wa namna hiyo, au kiboko aliyezoea kupanda kutoka mto Ruvuma na kuingia mashambani, hana hakika ya kupata nafasi ya pili. Mnyama aliyejeruhiwa tumboni hukimbilia kichakani, na anayemfuata humo huhatarisha maisha yake na ya wanakijiji.

Kasoro ya kwanza ni kuhama. Risasi zote huangukia karibu karibu, lakini mbali na alama iliyolengwa. Kwa mfano, matundu matatu yanayoweza kufunikwa kwa kiganja, yote yakiwa sentimita 20 kulia kwa alama. Kasoro ya pili ni kutawanyika. Tundu moja huwa juu, jingine kushoto, jingine chini, bila mpango. Bunduki ambayo risasi zake zimehama kwa kawaida ni nzima, na inahitaji kurekebishwa darubini au vilengeo vyake tu. Bunduki inayotawanya haiponi kwa kuzungusha darubini, kwa kuwa hakuna mahali pamoja pa kuisogeza risasi.

Kasoro hizi hutenganishwa kwa jaribio moja. Bunduki hulazwa juu ya mfuko wa mchanga katika uwanja wa shabaha ulioruhusiwa, kisha risasi 3 hadi 5 hupigwa kwenye karatasi iliyo umbali wa mita 100, kwa utulivu na bila haraka. Matundu yanayopatikana huitwa kundi. Kwa bunduki ya kuwindia, kundi lisilozidi sentimita 5 linatosha kwa kazi nyingi. Izingatiwe kuwa kundi hupanuka kadiri umbali unavyoongezeka: sentimita 5 katika mita 100 huwa takriban sentimita 10 katika mita 200. Ikiwa kundi limekaza lakini limehama, darubini hurekebishwa. Katika darubini nyingi, kila hatua ya kirekebishio, inayosikika kwa mlio mdogo, huisogeza risasi kwa takriban milimita 7 katika mita 100. Kuhama kwa sentimita 20 kunahitaji hatua 28 au 29.

Ikiwa kundi limetawanyika, ndipo unapoanza uchunguzi wa bunduki yenyewe, na majina ya sehemu zake huhitajika. Aina inayozungumziwa hapa ni bunduki ya komeo. Chuma chake cha nyuma huinuliwa na kuvutwa kwa mkono, kisha husukumwa mbele na kulazwa, mfano wa komeo la mlango, kuingiza risasi na kuifunga. Bomba linalopitisha risasi ni mtutu. Katika Kiswahili cha zamani liliitwa pia kasiba, neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya tete au bomba. Ubao unaobeba vyuma na kuegemezwa begani ni kitako. Kinachovutwa kwa kidole ni kifyatulio, ambacho wengi hukiita triga.

Kanuni ya uchunguzi ni kubadili jambo moja tu kwa wakati, kuanzia lililo rahisi. Kabla ya hatua yoyote komeo hufunguliwa, na chumba cha risasi hutazamwa kwa macho na kupapaswa kwa kidole kuhakikisha kuwa ni kitupu.

Hatua ya kwanza ni skrubu. Skrubu zinazofunga vyuma kwenye kitako, na zile za vishikizo vya darubini, hulegea kidogo kidogo kwa mshtuko wa kila risasi. Skrubu moja iliyolegea inatosha kutawanya kundi zima.

Hatua ya pili ni mpigaji. Anayeogopa kishindo huvuta triga kwa ghafla na kufumba macho. Njia ya kumtambua ni kumpa mtu mwingine mwenye shabaha apige bunduki hiyo hiyo, au mwenzake amchanganyie risasi bandia bila yeye kujua iko wapi. Mdomo wa mtutu ukiinama pale risasi bandia inapofikiwa, kasoro si ya bunduki.

Hatua ya tatu ni risasi. Neno hili nalo lina utata: ni jina la madini ya risasi, ni kichwa kinachoruka, na ni kitu kizima chenye ganda, fataki, baruti na kichwa. Bunduki moja hupenda kichwa cha uzito fulani na kukitawanya cha uzito mwingine, hata kama vyote vinaingia katika chumba kimoja. Kwa hiyo mabunda ya watengenezaji tofauti hayachanganywi katika jaribio. Unyevu nao huharibu. Mwezi Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyoleta silaha kwa jeshi la Lettow-Vorbeck, ilizamishwa katika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Risasi zilizoopolewa zilifunguliwa na baruti yake ikakaushwa, lakini nyingi bado zilikataa kulipuka. Meli ya pili, Marie, ilifanikiwa kushusha shehena yake katika ghuba ya Sudi, kaskazini mwa Mikindani, Machi 1916. Risasi zilizokaa miaka mingi katika hewa ya chumvi ya pwani hiyo hiyo zinastahili shaka ya namna hiyo.

Hatua ya nne ni kitako. Mtwara ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na kitako cha mbao hunywa unyevu, kikavimba au kupinda hadi kuusukuma mtutu. Dalili yake ni kwamba risasi ya kwanza hupiga vizuri, kisha zinazofuata husogea upande mmoja kadiri mtutu unavyopata moto. Katika bunduki ambazo mtutu umeundwa usiguse ubao, kipande cha karatasi hupitishwa kati ya viwili hivyo. Kikikwama, hapo ndipo ubao unapogusa. Ziko bunduki zilizoundwa mtutu uegemee kitako kwa makusudi, hivyo ubao haukwanguliwi kabla ya kumwuliza fundi.

Hatua ya tano ni mtutu wenyewe. Masizi ya baruti na utando wa shaba hujaza mifereji ya mzunguko inayoipa risasi msokoto wake, na kutu huila. Gobori hushindiliwa kwa mdeki kupitia mdomoni, lakini bunduki ya komeo haina sababu ya kuingiziwa fimbo kutoka huko. Komeo huchomolewa na brashi huingia kutoka nyuma, ili ukingo wa mdomo usikwaruzwe. Ukingo huo ndio unaoiaga risasi. Ukiwa na pengo upande mmoja, gesi hutoka bila usawa na risasi huyumba. Baada ya kusafisha, mafuta hufutwa kabla ya jaribio, kwa kuwa risasi ya kwanza kupita katika mtutu wenye mafuta mara nyingi hupiga pengine.

Kasoro ikibaki baada ya hatua hizi, bunduki hupelekwa kwa fundi mwenye leseni, kwa kuwa umiliki na utengenezaji wa silaha Tanzania vinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maelezo anayopewa fundi yatofautishwe hivi:

"Kundi limehama" husemwa matundu yakiwa pamoja lakini mbali na alama.

"Risasi zinatawanyika" husemwa matundu yakikosa mpango.

"Risasi zinasogea mtutu ukipata moto" husemwa ya kwanza ikiwa sawa na zinazofuata zikienda upande mmoja.

"Imepoteza shabaha" hufaa katika mazungumzo ya kawaida. Kwa fundi, kauli hiyo ifuatwe na mojawapo ya hizo tatu, pamoja na karatasi yenye matundu, aina ya risasi iliyotumika na umbali uliopimwa.