Waliochorwa na Irma Stern ni watu wetu

Mwaka 2011, kwenye mnada wa Bonhams jijini London, picha ya mzee wa Kiarabu iliyochorwa Unguja mwaka 1945 iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 3. Mnunuzi alikuwa Mamlaka ya Makumbusho ya Qatar. Mchoraji ni Irma Stern, jina ambalo hapa Mji Mkongwe wachache wanalijua.

Stern alizaliwa 1894 Schweizer-Reneke, mji mdogo wa Makaburu huko Transvaal, Afrika Kusini, wazazi wake wakiwa Wayahudi wa Kijerumani. Alisomea uchoraji Weimar na Berlin, ambako mchoraji Max Pechstein alimshika mkono. Aliporudi Cape Town mwaka 1920, wahakiki walimwandama, wakiona kazi zake ni ubaya mtupu. Hakurudi nyuma. Unguja alikuja mara mbili, 1939 na 1945, na mwaka 1948 akachapisha kitabu alichokiita Zanzibar.

Kinachonishika zaidi ni fremu. Stern alitwaa mbao za nakshi za milango ya zamani ya Unguja, akazifanya fremu za picha zake. Rangi ni nene, imepakwa kwa nguvu, na pembeni yake mbao za rangi ya kahawa iliyoiva, zimechimbwa kwa patasi ua baada ya ua. Nusu ya uzuri wa picha hizo ni kazi ya fundi seremala wetu, naye hatajwi popote kwenye bei. Hata nyumba ya Stern kule Rosebank, Cape Town, ambayo baada ya kifo chake mwaka 1966 ilifanywa makumbusho, ina mlango wa Kizanzibari.

Waliochorwa nao hawana majina. Mzee wa picha iliyouzwa London ameandikwa “Kasisi Mwarabu” tu. Picha nyingine, iliyouzwa 2010 kwa zaidi ya pauni milioni 2, inaitwa “Msichana wa Kibohora”. Lakini walikuwa na majina, na mitaa, na jamaa waliowapitia kuwajulia hali.

Waliokuwa watoto mwaka 1945 sasa wamepita miaka themanini. Wizara inayosimamia makumbusho yetu iombe nakala nzuri za picha hizi, izitundike Forodhani, kisha iwaite wazee wa Malindi, Shangani na Kiponda wazitazame na waulizwe nani ni nani. Kazi hiyo haihitaji mamilioni ya pauni, ila haiwezi kungoja miaka kumi mingine.