Je, Wajua? Kumfungia mfanyakazi milango ya ajira

Je, wajua kuwa kumwandama mfanyakazi ili asiajiriwe kwingine ni mbinu ya tangu ukoloni? Nchini Kenya, kuanzia 1920, wanaume Waafrika walitakiwa kuvaa kipande, yaani hati ya utambulisho na ajira, shingoni, ndani ya kijaluba cha chuma. Mwajiri aliandika humo mshahara na tarehe. Asiposaini mfanyakazi alipoondoka, kupata kazi nyingine ilikuwa shida.

Leo nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 9, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Kifungu cha 44 kinamtaka mwajiri atoe cheti cha utumishi ajira inapokoma, ambacho mfanyakazi anaweza kukionyesha anapotafuta kazi kwingine.

Ndugu mfanyakazi wa kata ya Lisekese, dai cheti chako! Ukiachishwa kazi isivyo halali, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30.