Unajua kufanya kazi gani?

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia usawa kazini.

Kama umetoka Kismayu, Koyama au Chovai, huenda uliwahi kuulizwa ukoo wako kabla ya kuulizwa unajua kazi gani. Tangu mkutano wa Arta, Djibouti, mwaka 2000, viti vya Bunge la Somalia hugawanywa kwa nne na nusu: koo kuu nne hupata fungu sawa, na jamii ndogo zote, Wabajuni wakiwemo, hugawana nusu fungu. Mazoea hayo yakaingia hadi maofisini. Lakini Katiba ya Muda ya 2012, ibara ya 11, inasema raia wote ni sawa, bila kujali ukoo wala lahaja.

Hapa kambini tunaweza kuanza sisi. Kazi ikitangazwa, uliza: tangazo limesomwa kwa Kiswahili pia? Wanaochagua wote ni wa jamii moja? Ukiona upendeleo, lipelekee shirika lenye kazi malalamiko kwa maandishi, ubaki na nakala.

Na ukiwa wewe ndiye unayechagua, kumbuka nahodha: hapewi chombo kwa ukoo wake, hupewa kwa kuijua bahari.